Seva Mbili, Kampuni Moja: Mipaka ya Windows Small Business Server kwa Ofisi Zenye Matawi



Nianze na kosa langu. Mwaka 2008, mwenzangu na mimi tulipewa kazi ya kuunganisha ofisi mbili za kampuni ya kutoa mizigo bandarini: makao makuu Dar es Salaam, tawi Tanga. Kila ofisi ilikuwa na Windows Small Business Server 2003 yake. Tukafunga ruta, tukafungua VPN kupitia setilaiti, kisha tukiwa Tanga tukaijaribu anwani ya seva ya Dar es Salaam, 192.168.16.2. Jibu likarudi chini ya milisekunde moja. Tukapeana mikono. Mhasibu wa pale, mama mtu mzima, akatuangalia na kikombe chake mkononi: "Wanangu, mimi nikifungua barua pepe moja hapa chai inapoa. Hiyo ya Dar imefikaje upesi hivyo?"

Alikuwa sahihi. Setilaiti ya aina tuliyotumia iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua takriban nusu sekunde, hata fundi awe hodari vipi. Iliyotujibu ni seva ya Tanga yenyewe, iliyokuwa inanguruma chini ya meza, karibu na miguu yetu. Seva zote mbili zilikuwa zimesimikwa kwa anwani ambayo programu huipendekeza, na hakuna aliyejishughulisha kuibadilisha.

Anwani ni jambo la kurekebishika. Tulikesha siku mbili, likaisha. Kilichotushinda ni masharti ya programu. Small Business Server ilitungwa kwa ofisi moja inayojitegemea. Seva hiyo lazima iwe mkuu wa domeni yake na ishike majukumu yote makuu matano ya usimamizi wa domeni. Domeni moja haikubali seva mbili za aina hiyo. Haikubali domeni ndogo chini yake. Haifungi uaminifu na domeni nyingine, kwa hiyo mtumiaji wa Tanga hawezi kutambuliwa Dar es Salaam kwa jina na nenosiri lake la Tanga. Ndani yake kuna huduma inayokagua masharti hayo: yakivunjwa, huandika maonyo kwenye kumbukumbu za seva, na muda wa kuvumiliwa ukiisha, huizima mashine. Kwa tusiojua, ilionekana kama hitilafu ya umeme, na Tanga ya wakati ule hakuna aliyeshangaa umeme kukatika.

Ukomo wa watumiaji 75 ndio watu wanaoupigia kelele. Kwa kampuni zetu nyingi huo hausumbui. Ofisi ile haikufikisha hata 30. Kilichouma zaidi ni kwamba toleo la 2003 halikuruhusu wafanyakazi wa tawi kuingia kwa mbali na kufanyia kazi ndani ya seva yenyewe. Nafasi hiyo iliachiwa wasimamizi tu. Aliyetaka huduma hiyo alinunua seva ya pili. Na kufungua jalada la hesabu moja kwa moja kupitia setilaiti ilikuwa adhabu, maana programu huulizana na seva mara nyingi kabla jalada halijafunguka, na kila swali hulipa nusu sekunde yake. Kebo ya SEACOM ilipotua Dar es Salaam mwaka 2009 uchungu huo ulianza kupungua, lakini masharti ya programu yalibaki palepale.

Simlaumu mtengenezaji. Aliuza barua pepe, mafaili na usimamizi wa watumiaji kwa bei ya chini, na masharti aliyaandika. Sisi ndio tuliouliza idadi ya kompyuta tukasahau kuuliza idadi ya ofisi.

Njia iliyofanya kazi ilikuwa moja. Tulibakiza Small Business Server ya makao makuu, ya Tanga tukaifuta na kuweka Windows Server ya kawaida kama msaidizi ndani ya domeni ileile, jambo ambalo masharti yanaruhusu. Kila ofisi ikapewa anwani zake, na kompyuta za Tanga zikaelekezwa kuingia kupitia seva ya Tanga kwanza. Kumhamisha kila mtumiaji na faili zake kulituchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote pamoja. Mhasibu ndiye aliyekuwa wa mwisho, kwa ombi lake.

Bidhaa hii ilitangazwa kukoma mwaka 2012, na toleo lake la mwisho, la 2011, liliacha kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020. Kama ofisini kwako bado ipo moja kabatini inawaka, tafadhali usiiunganishe na tawi lolote. Hamisha data kwanza, kisha uizime.