Mkono wa Kampuni na Mfuko wa Karo
Hotuba ya kamati ya mfuko wa karo wa kwaya, siku ya jubilii ya miaka 25

 

Tumepewa dakika kumi, na mwenyekiti ametuonya kwamba zikiisha kipaza sauti kitazimwa. Basi tutasema jambo moja. Mkifungua kurasa za nyuma za kijitabu hiki mtaona matangazo: duka la vifaa vya ujenzi, chama cha akiba na mikopo, na kampuni moja kubwa ambayo imechukua ukurasa mzima. Tangu Jumapili iliyopita wengine wenu mmekuwa mkituuliza kama kwaya imegeuka kuwa soko. Swali hilo tunaliheshimu, na tunalijibu kwa kuanzia mbali kidogo.

Kwaya hii ilipoanza mfuko wa karo, tulijua njia moja tu, harambee. Sahani ilizunguka, kila mtu akatoa alichonacho. Baadaye mmoja wetu akasema, kwa nini tusiandikie kampuni? Tukaandika. Kampuni ikakubali kulipia watoto sita wa kanisa letu waliokuwa wakiingia sekondari. Tulipiga picha hapa mbele, na hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Wengi wenu mnaikumbuka picha ile. Ilikaa ofisini kwa mchungaji muda mrefu kuliko fedha zenyewe.

Maana mwaka wa tatu, Januari, tulipopiga simu tuliambiwa afisa tuliyemjua amehamishwa na bajeti imeelekezwa kwingine. Barua iliyofuata ilikuwa na mistari miwili. Watoto sita walikuwa kidato cha tatu. Walirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, wote katika wiki moja. Tuliimba kwenye harusi kila Jumamosi, mpaka sauti za besi zikakauka, tukawarudisha shuleni watano. Wa sita alikuwa ameshapata pikipiki ya kubebea abiria na hakutaka tena kusikia habari za shule. Mama yake bado huketi nasi ibadani. Hatuwezi kuilaumu kampuni peke yake, kwa sababu hakuna aliyeiuliza italipa mpaka lini. Tulifurahia hundi tukasahau kuuliza.

Msidhani tunasema kampuni hazina moyo. Mwaka 2011, ukame ulipowabana ndugu zetu wa Turkana na sehemu nyingine za kaskazini, wakfu wa Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu waliungana kuanzisha Kenyans for Kenya. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, na lilipitwa kabla ya mwezi kwisha. Kampuni zilitoa mamilioni, na mtu wa kawaida alituma alichoweza kwa simu. Wanakwaya wengi hapa walituma, hata aliyekuwa na shilingi hamsini. Vilevile kuna mbio za Mater Heart Run, zilizoanza mwaka 1993 kusaidia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo ambao wazazi wao hawajiwezi. Kampuni hudhamini, wafanyakazi na familia hununua fulana na kutembea. Sauti ya kwanza wameshakwenda mara kadhaa, ingawa wanapenda picha kuliko kukimbia.

Lakini lililotufunza zaidi ni Wings to Fly, mpango wa wakfu wa Equity na wa Mastercard ulioanza mwaka 2010. Mwanafunzi aliyechukuliwa alilipiwa miaka yote minne ya sekondari, pamoja na sare, nauli na matumizi. Tulipolitazama hilo tuliona kosa letu mara moja. Karo ya mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka minne ni kama kumvusha mtu mto mpaka katikati.

Tulijifunza jambo jingine kutoka kwa mhasibu wetu, ambaye mnamjua kwa ukali wake. Kanuni za kodi za mwaka 2007 kuhusu michango ya hisani ziliiruhusu kampuni kupunguza mchango wake katika mapato yanayotozwa kodi, ikiwa anayepokea alikuwa ametambuliwa na mamlaka ya kodi kuwa ni wa hisani. Na chini ya kanuni hizo mchango huo haukupaswa kurudishwa, wala kumpa mtoaji faida yoyote. Kumbe nembo inayobandikwa mahali ili ionekane ni biashara, hata tukiita zawadi. Biashara si dhambi. Ila iitwe kwa jina lake, iandikiwe risiti yake.

Ndiyo maana mwaka jana, kampuni hii ya ukurasa mzima ilipotaka kutununulia majoho 40 yenye rangi zake na nembo kifuani, kamati ilibishana mpaka saa nne usiku. Waliotaka tupokee walikuwa na hoja. Majoho yetu yamechakaa na kila mtu anaona. Mwishowe tulikataa. Hatukuweza kumsifu Mungu huku tumevaa tangazo. Tukawaambia: nunueni ukurasa kwenye kijitabu, hilo ni tangazo na bei yake ni hii. Na mkitaka kusaidia watoto, tuandikiane kwamba mtawalipia mpaka wamalize sekondari, hata afisa akihamishwa.

Walikaa kimya wiki tano. Tulidhani tumewapoteza. Kisha wakalipia ukurasa, na wakatia sahihi kwa ajili ya watoto watatu. Si sita, ni watatu. Nakala ya barua iko kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa ofisi, pamoja na hesabu za mfuko mpaka mwezi uliopita. Isomeni. Mkiona kasoro, mhasibu ameketi safu ya pili kushoto.

Majoho tuliyovaa leo ni yale yale. Kina mama wa sauti ya pili wameyashona mikono upya usiku wa kuamkia jana. Mwalimu wa kwaya anatuonyesha saa, kwa hiyo tunarudi mahali petu tuimbe.