Ng'ombe Afaye kwa Njaa na Tumbo Limejaa



Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 mvua za misimu mitano zilikosekana mfululizo katika sehemu kame za Kenya, Tarbaj ikiwa mojawapo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Wengi walikufa kwa kukosa malisho kabisa. Lakini katika kiangazi hutukia pia kwamba ng'ombe hukonda na kufa, na tumbo lake likipasuliwa huonekana limejaa nyasi kavu. Yafaa sababu yake ijulikane.

Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuyeyusha nyuzi ngumu za majani, kama vile mtu asivyoweza. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vikaavyo katika tumbo lake la kwanza, lililo kubwa kuliko mengine matatu. Humo mna joto na maji, wala hamna oksijeni. Na katika tone moja tu vijidudu hupita idadi ya watu wote wa Kenya. Huzivunja nyuzi na kutoa asidi, ambazo huingia katika damu na kumpa ng'ombe sehemu kubwa ya nguvu zake. Acheuapo, majani husagika vijidudu vikapata pa kushika, na mate hupunguza ukali wa asidi. Kisha vijidudu vyenyewe husukumwa mpaka tumbo la nne, vikayeyushwa kama nyama. Hivyo mchungaji adhaniaye kuwa anamlisha ng'ombe, kwanza huvilisha vijidudu.

Navyo vina njaa yao. Nyasi zikiwa na protini chini ya sehemu 7 hivi katika 100, vijidudu hupungua, nyasi hukaa tumboni siku nyingi bila kuvunjika, na ng'ombe hana nafasi ya kula nyingine. Hapo maganda ya mgunga, mti ambao Wasomali huuita qurac, yakiongezwa kidogo juu ya nyasi kavu huleta faida ipitayo kiasi chake. Wachungaji hawakungoja darubini ndipo watikise matawi yake. (Ngamia naye ana vijidudu vya namna hiyo, lakini hula vichaka kuliko nyasi.)

Hatari nyingine huja pamoja na msaada. Ng'ombe mwenye njaa akijazwa mahindi ghafula, vijidudu vipendavyo wanga huongezeka upesi, asidi huwa kali mno, na vile vya nyuzi hufa. Ng'ombe aweza kufa kwa siku moja au mbili. Basi apewe nyasi kwanza, kisha mahindi konzi moja moja, yakiongezwa polepole kwa muda wa majuma mawili. Akiacha kucheua, akiharisha, au akishindwa kusimama, mahindi yaondolewe mara moja na daktari wa mifugo aitwe siku ile ile.