Mjukuu wa Bangwe na hitima ya bibi yake

Ndugu wasikilizaji, mwakeye. Wa Bwana asifiwe, wa Tumsifu Yesu Kristo na wa Assalaam aleikum, kila mmoja achukue salamu yake hapo. Nimeanza hivyo kwa makusudi, maana mazungumzo ya wiki hii yanahusu jambo ambalo hapa Kigoma tunalikwepa sana tukiwa tumekaa pamoja, halafu tukishaachana kila mtu analisema kwao.

Nimepata barua kutoka Bangwe. Aliyeandika ni mama wa makamo, mzaliwa wa Ujiji, aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu, akaolewa na Mkatoliki kutoka Kasulu na akabatizwa. Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 23, ameokoka na anasali katika kanisa moja la kilokole. Mwaka jana bibi mzaa mama alifariki. Msibani Ujiji, mbele ya wajomba zake na majirani, kijana alisimama akasema kwamba anamlilia bibi yake kuliko wote waliokuwepo, kwa sababu bibi amekufa bila kumpokea Yesu, na bila Yesu hakuna afikaye kwa Mungu. Wajomba walimtoa nje. Tangu siku hiyo hakuna anayemjulia hali. Sasa hitima ya mwaka inakaribia. Wajomba wametuma salamu kwamba anaweza kuja lakini asifungue mdomo. Kijana naye anasema haendi kula pilau ya dua za wafu. Mama ananiuliza swali moja: mwanangu amekosea kuamini, au amekosea kusema?

Mama, swali lako ni zito, na wengi wangekujibu kwa haraka kwamba dini zote ni sawa, Mungu ni mmoja, kijana aache ujinga. Mimi sitakujibu hivyo. Maneno hayo tunayasema kwa nia njema, lakini ukimbana shehe wa kweli hatayakubali, na mchungaji wa kweli hatayakubali. Katika sura ya 14 ya Injili ya Yohana, Yesu anamwambia Tomaso kwamba yeye ndiye njia, na kwamba kwa Baba hafiki mtu ila kwa kupitia kwake. Katika sura ya 4 ya Matendo ya Mitume, Petro anaulizwa na wakubwa wa Wayahudi amemponya kilema kwa jina la nani, naye anawaambia hakuna jina jingine ambalo wanadamu wamepewa la kuwaokoa. Huo ndio moyo wa Ukristo, haukuletwa na walokole. Mimi mwenyewe nilibatizwa katika imani hiyo na ninaishika. Na Mwislamu naye anasoma katika sura ya 3 ya Kurani kwamba atakayetafuta dini isiyo Uislamu haitakubaliwa kwake. Basi anayesema ni sawa tu, amewanyang'anya wote wawili kile wanachokiamini, tena bila kuwauliza.

Isitoshe, ugomvi huu ni mkali kwa sababu wagombanao wako karibu mno. Mwislamu anamheshimu Isa bin Mariamu. Ni nabii kwake, amezaliwa na bikira, na sura nzima ya Kurani, ya 19, inabeba jina la mama yake. Anachokataa ni kwamba Isa ni Mwana wa Mungu, na kwamba alisulubiwa akafa. Kwa Mkristo hayo mawili yakiondoka hakuna kinachobaki.

Na huku kwetu jambo hili lina umri mkubwa. Watalii wanapelekwa Ujiji kuonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha, wanaondoka. Wachache wanaambiwa yaliyofuata. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na mwezi mmoja tu baadaye mmoja wa viongozi wao, Thomson, akafa na kuzikwa hapo. Januari 1879 wakaingia mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Wote waliukuta mji wa Waswahili, mji wa biashara, una waungwana wake, chini ya Mwinyi Heri. Hawakushika mizizi. Waingereza wakaelekea Mtowa na kisiwa cha Kavala, ng'ambo ya ziwa. Mapadre wakaenda Rumonge, katika Burundi ya leo, ambako watatu wa kundi lao waliuawa mwaka 1881, na baadaye wakajikita Karema, kituo walichokabidhiwa na Wabelgiji mwaka 1885. Ujiji ikabaki ya dhikiri na maulidi. Kanisa lilikuja kukua miaka mingi baadaye huko juu kwa Waha, Kasulu na Kibondo, kwa kazi ya Wakatoliki na Waanglikana. Kwa hiyo Muha akishuka kutafuta kazi ya dagaa au ya bandari, anakutana na Mmanyema wa Ujiji, wanaoana, na mjukuu wao anazaliwa Bangwe. Barua niliyo nayo hapa imeandikwa na historia hiyo.

Tena vijana wa leo hawajui kwamba mihadhara, ile ya kuweka Biblia na Kurani juu ya meza moja na kubishana hadharani, ilianzia kwa watu wa huku huku. Ngariba Musa Fundi na Mohamed Ali Kawemba, ambao majina yao hayaachani na Ujiji, walizunguka nchi wakimsomea Mkristo Biblia yake mwenyewe ili kumwonyesha kwamba Yesu hakujiita Mungu. Mwaka 1987 kikatoka kitabu chao, Uislamu katika Biblia. Kwa Afrika Kusini alikuwepo Ahmed Deedat akifanya kazi ya namna hiyo kwa Kiingereza, na kanda zake zilifika mpaka huku. Wakristo nao wakaandaa wahubiri wao, nao wakaifungua Kurani. Waliohudhuria wanakumbuka viwanja vilivyojaa, vipaza sauti, na watu wakicheka pale mpinzani aliposhindwa kupata aya. Wengine walitoka pale wamejua vitabu vyote viwili kuliko wanavyovijua wasomi wengi. Wengine walitoka wamejifunza kebehi tu.

Halafu serikali ikaingia. Ikaonekana kwamba kusema Yesu si Mungu ni kashfa. Februari 1998 mambo hayo yalifika Mwembechai, Dar es Salaam. Polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Mwaka 2001, kule Morogoro, mahakama ya wilaya ikamhukumu Hamisi Rajabu Dibagula kifungo cha miezi 18 kwa kutamka kwamba Yesu si mwana wa Mungu, kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza maneno yenye nia ya kuumiza hisia za dini za wengine. Mahakama Kuu ikamtoa gerezani, lakini ikaacha hatia isimame. Hakukubali. Akaenda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, hatia yenyewe ikafutwa.

Nimeitaja kesi hiyo kwa sababu ni watu wachache, hasa sisi Wakristo, wanaotambua ilituhusu vipi. Fikirini. Kama Mwislamu akisema Yesu si mwana wa Mungu anaumiza hisia zangu, je, mimi nikisema bila Yesu hakuna njia, siumizi za kwake? Tena zaidi, maana yeye amemkana mmoja, na mimi nimewafungia mlango watu wote wa mtaa wake. Sheria ambayo ingemweka Dibagula ndani, kesho yake ingemfuata kila mwinjilisti mwenye kipaza sauti katika stendi ya mabasi. Ibara ya 19 ya Katiba inaliweka suala la kutangaza dini kuwa huru na la hiari ya mtu. Hakimu hawezi kupima kama Yesu ni Mwana wa Mungu. Hana mizani hiyo, na asipewe.

Kwa hiyo, mama, nusu ya jibu langu ni hii: mwanao hakukosea kuamini, na kwa sheria ya nchi hakukosea kusema. Wajomba wakimtaka aikane imani yake ndipo wampe mkono, wanadai wasichostahili kudai.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nayo namwambia kijana mwenyewe kama anasikiliza. Umesema njia ni moja. Sawa. Lakini pale msibani ulisema na jambo la pili, ambalo hukulisoma popote: kwamba unajua bibi yako yuko wapi.

Makanisa yenyewe hayajafanana katika hilo. Mtaguso wa Florence, mwaka 1442, ulitamka kwamba aliye nje ya Kanisa, awe mpagani au Myahudi, anakwenda kwenye moto wa milele. Hayo yalifundishwa karne nyingi. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafundisha kwamba asiyeijua Injili pasipo kosa lake, na anamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuupata wokovu, na ukawataja Waislamu kwa jina kati ya waliomo katika mpango wa Mungu. Baadhi ya watu wakadhani Roma imeiacha ile njia moja. Haikuiacha. Mwaka 2000 ilitoa tamko la Dominus Iesus kukazia kwamba mwokozi ni Kristo peke yake. Wanachosema Wakatoliki ni kwamba anayeokoka anaokolewa na Kristo, hata kama hamjui. Mwanateolojia Mjerumani Karl Rahner alikwenda mbele zaidi, akazungumza habari za watu ambao ni Wakristo bila kujijua. Nasita kidogo hapo. Sidhani kama bibi wa Ujiji, aliyeswali vipindi vitano maisha yake yote, angefurahi kuitwa Mkristo asiyejijua, kama mimi nisivyofurahi rafiki yangu mmoja wa Mwanga anaponiambia kila mtu huzaliwa Mwislamu na mimi nimepotezwa tu na wazazi wangu. Lakini tunacheka, tunaagiza chai.

Walokole hawayakubali hayo ya Roma. Wanashikilia kwamba lazima mtu amkiri Yesu kwa kinywa chake, na wana maandiko yao. Siwabezi. Mtu anayeamini kweli kwamba jirani yake anaangamia, halafu akanyamaza ili asiharibu pilau, huyo ndiye ningemshangaa. Naamini kijana wa Bangwe alilia machozi ya kweli. Hata hivyo asome tena sura ya 25 ya Mathayo. Siku ile ya kutenganisha kondoo na mbuzi, pande zote mbili zinashangaa. Waliowekwa kuume wanauliza ni lini walimwona Mfalme akiwa na njaa wakamlisha, na waliowekwa kushoto wanauliza ni lini walimwona wasimhudumie. Hakuna hata mmoja aliyejua mapema amewekwa wapi. Na Yesu yule yule aliyesema yeye ndiye njia ndiye aliyeisimulia. Kumwamini kuwa ndiye mlango ni imani. Kukaa mlangoni na daftari ukiandika nani kaingia na nani kakosa, hiyo kazi hakumpa mtu.

Tena kuna mahali pa kusema. Wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepumzika, nimekaa na wavuvi pale Bangwe na Katonga wakishona nyavu. Katika chombo kimoja utamkuta Hamisi na Yohana, na hubishana dini mchana kutwa kwa sauti ambayo mgeni angeita polisi. Ila usiku wakiwa majini, upepo ukichafuka, hakuna anayemuuliza mwenzake kuhusu Utatu. Si kwamba wamebadili imani. Wanajua saa ile ni ya kamba na kasia.

Msiba nao ni saa ya namna hiyo. Wafiwa walikuwa hawajamwosha mama yao.

Kuhusu hitima, mama, ushauri wangu ni huu, ukiona haufai uuache. Kijana aende, na aende mapema kabla ya watu wa dua. Awasalimie wajomba zake mmoja mmoja, awaombe radhi kwa siku aliyoichagua, si kwa imani yake. Achote maji, apasue kuni, abebe masufuria. Dua ikianza, kama dhamiri yake haimruhusu kuitikia, akae nje na vijana wengine. Nyumba nyingi za Ujiji zina wakwe Wakristo na wamezoea kukaa nje. Pilau akishindwa kula asile, lakini asitoe hotuba kuhusu pilau. Na ninyi wajomba, akija msimlazimishe kuitikia amina, wala msimpe mtoto wa miaka 23 mhadhara wa aya mbele ya wageni ili kulipiza. Akitaka kubishana, mwiteni siku nyingine, mkae barazani na vitabu vyote viwili, mtu na kahawa yake. Ujiji hamkosi wa kumjibu.

Mama anasema hitima ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya swala ya adhuhuri. Amewaomba kaka zake wamwekee kijana nafasi upande wa jikoni, na mpaka barua inapelekwa posta walikuwa hawajajibu.