Steringi akirudi, tunamshangilia nani?

Leo naomba tuzungumze juu ya steringi. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanalijua neno hili. Adui hufa, rafiki wa steringi hufa tena mapema, lakini steringi, hata apigwe risasi mia, hafi. Siku hizi huko Marekani wamegundua kwamba hata akistaafu anarudi, na akirudi huja na fedha.

Desemba 2021 ilitoka filamu iitwayo Spider-Man: No Way Home. Pamoja na kijana Tom Holland walitokea humo Tobey Maguire, aliyelivaa vazi lile la buibui tangu mwaka 2002, na Andrew Garfield, aliyelivaa mwaka 2012 na 2014. Filamu hiyo ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.9 duniani. Mwaka 2024 wakarudi Hugh Jackman na Wesley Snipes, nao wakashangiliwa.

Sasa sikilizeni nililoliona Mitundu. Huo ni mji mdogo wa halmashauri ya Itigi, mkoani Singida, na mimi nilikwenda huko kwa habari za asali, si za filamu. Jioni mwenyeji wangu akanipeleka kwenye banda, na filamu iliyokuwa ikionyeshwa ni hiyo ya buibui watatu. Alipotokea Maguire, banda lilitaka kung'oka. Nikatazama nyuso zile: wengi walikuwa hawajazaliwa mwaka 2002. Nikamwuliza kijana aliyekaa kando yangu amemjulia wapi mtu huyu.

"Si yule wa kwenye stika, mjomba!"

Akatoa simu akanionyesha. Maguire, nywele zimemwangukia usoni, anakatiza barabara kwa maringo huku akiwanyooshea vidole akina dada. Kipande hicho ni cha filamu ya tatu, ya mwaka 2007. Kilipotoka, watazamaji wengi walikiona kuwa cha aibu. Kisha watu wa intaneti wakakikatakata, wakakitia maneno yao, wakatumiana kwa miaka, na kejeli ikageuka mapenzi. Kwa hiyo kijana wa Mitundu alikuwa akiyakumbuka mambo ya zamani ambayo hakuyaishi. Aliyapokea kwenye simu, yakiwa yamekwisha kuchekwa na wengine.

Wako watakaosema vijana wamepotezwa na ugeni. Mimi simo. Kizazi chetu tulipata wapi mashujaa wetu? Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Tulikuwa na mkanda, deki, jenereta, na baadaye wakaja watafsiri kama Lufufu wa Dar es Salaam, aliyemtia steringi Kiswahili kinywani, na mengine ambayo steringi hakuyasema kabisa! Stika ni kazi ileile: sura ya mtu wa mbali, maneno ya kwetu.

Linaloniuma ni jingine. Katika simu ileile, chini ya Maguire, alikuwamo marehemu King Majuto. Alikuwamo marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Alikuwamo pia mama mmoja wa michezo ya zamani ya televisheni, jina lake naliweka. Nikamwuliza kijana angelipa kiasi gani kumwona mama huyu katika filamu mpya. "Hata buku, mjomba. Kwani bado yupo?"

Yupo. Ila kicheko anachotuchekesha kila asubuhi hakimletei hata nauli ya daladala. Majuto mwenyewe tulimkumbuka kwa mikataba mwaka 2018, akiwa mgonjwa, Serikali ilipounda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti mwaka huohuo akafariki.

Wanijeria walifanyaje? Osita Iheme na Chinedu Ikedieze, Aki na Pawpaw wetu wa mikanda ya zamani, walianza kusambaa upya kama vichekesho vya intaneti mwaka 2019. Wengine huko ng'ambo walidhani ni watoto, kumbe ni watu wazima wenye majumba yao. Watayarishaji hawakukaa kucheka tu. Desemba 2021, mwezi uleule wa buibui, ilitoka filamu mpya, Aki and Pawpaw, na wenyewe wawili wakiwa hai ndani yake, wamelipwa kama waigizaji.

Sisemi kila kicheko kitazaa filamu nzuri. Mwaka 2023 Michael Keaton alirudishwa kuwa Batman katika The Flash, na filamu ikaanguka sokoni. Humohumo wakaiingiza kwa kompyuta sura ya Christopher Reeve, Superman wa mwaka 1978, aliyefariki mwaka 2004. Hilo mimi halikunipendeza. Kumrudisha maiti wakati walio hai wanangoja simu ilie!

Basi ndugu zangu watayarishaji wa Dar es Salaam, mnaolalamika kwamba soko limekufa, ombeni kuona simu za vijana. Utafiti wa soko umo humo, bure. Mkishajua nani anachekwa sana, mtafuteni kabla hajaugua, nendeni na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, na malipo ya awali yawe mfukoni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.