Lengalenga Karibu na Jikoni

Kaeni vizuri. Wenye watoto wachanga wanyonyeshe tu, tuzungumze kidogo mbele ya kupima.

Nina ulizo moja. Jana mangaribi mtoto wako alikula nini? Ugali, sivyo? Na ugali huo ulifuatana na nini? Hapo wengi wananyamaza.

Ugali wa muhogo unashibisha tumbo, lakini hautoshi. Mtoto asiyepata majani ya kijani, matunda wala mafuta ya mawese anaweza kukosa vitamini A. Jua likishuka, anajikwaa na kupapasa kikombe chake. Mama anasema, "Huyu mutoto ni mujinga." Hapana, mama! Macho yake yanagonjwa. Umlete hapa upesi; ukikawia, anaweza kuwa kipofu. Lakini ni vema zaidi kuzuia, na kinga iko nyuma ya nyumba yako. Panda lengalenga.

Chagua mahali penye jua, karibu na jikoni, mbali na choo. Lima tuta la upana wa metre 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Urefu wa hatua 3 unatosha kwa kuanza. Changanya mbolea ya mbuzi au ya kuku iliyooza. Ile mbichi inaunguza miche.

Mbegu ni ndogo sana. Uchanganye na mchanga mkavu, unyunyize kwa mistari, ufunike na udongo kidogo tu. Ukizika chini sana, haioti. Tandaza majani makavu juu, uyaondoe mara miche inapochipuka. Mwagilia asubuhi na jioni kama mvua haiko. Tena jenga ua wa matete, kwani kuku na mbuzi hawana huruma.

Kisha juma 3 au 4, anza kukata. Usingoe yote: acha shina la urefu wa kiganja, litachipuka tena. Miche mitatu iache izeeke, ndiyo mbegu yako ya kesho.

Osha majani, uyapike kwa muda mfupi. Tia kijiko cha mawese, na karanga zilizotwangwa, ao maharagi, ao ndagala. Msisahau hivi vya mwisho, kwani lengalenga peke yake haizuii bwaki. Mtoto akitimiza miezi 6, umpondee laini kabisa, naye aendelee kunyonya.

Sasa niwaambie jambo la haya. Mimi ninayefundisha wauguzi nilikuwa na bustani nzuri. Kila asubuhi nilifunga mafungu, nikayatuma yote sokoni. Feza ilipatikana, lakini mtoto wangu wa tatu alikula ugali na chumvi. Siku moja nilimweka kwa mizani: uzito wake ulikuwa uleule wa miezi 2 iliyopita. Wanafunzi wangu walikuwa wanatazama. Niliinamisha kichwa. Lengalenga yangu ilikuwa inakomesha watoto wa wengine, wangu alikuwa anakonda.

Toka siku ile, sheria ya nyumba yangu ni hii: fungu la kwanza ni la chungu, mengine ni ya soko. Baba wa nyumba akisema, "Uza yote," mujibu kwa upole, "Baba, mtoto akigonjwa, feza hii yote itaishia kwa hospitali."

Mwezi ujao, mkija kupima, kila mama aniambie nini kimeota kwake. Aliye na mbegu amletee mwenzake konzi moja.

Mama wa kwanza, lete mtoto kwa mizani.