WALIOSAWAZISHA NJIA YA EROPLENI
(Mazungumzo kwa wanachama, Musoma)



Nataka kusema juu ya mashindano ya eropleni ya mwaka 1920, kutoka Uingereza mpaka Cape Town. Msidhani ni habari ya mbali. Njia iliyopimwa ilitoka Jinja na Kisumu, ikashuka mwambao wetu huu wa mashariki kwa Shirati, kisha Mwanza, Shinyanga na Tabora. Ndiyo, Shirati hii hii yetu.

Eropleni zenyewe zilikuwa bado za kujaribiwa. Ile iliyochukua mjumbe wa gazeti la The Times, Vickers Vimy Commercial, ilikuwa ya kwanza kabisa ya aina yake. Mafundi walichukua ndege ya kutupa mabomu, wakaipa tumbo nene la kukaa abiria 10, ikaruka mara ya kwanza Aprili 1919. Mwezi wa Januari 1920 ikatumwa Afrika na marubani Cockerell na Broome. Tarehe 27 Februari ikaanguka Tabora. Hakufa mtu, lakini safari iliishia hapo.

Van Ryneveld na Brand wa Afrika ya Kusini walivunja Vimy moja Korosko, Misri, na ya pili Bulawayo. Bulawayo iko juu zaidi ya futi 4,000; hewa ya huko ni nyepesi, injini hupungua nguvu na mabawa hayabebi vema. Walifika Cape Town tarehe 20 Machi kwa ndege ya tatu! Serikali yao ikawapa pauni 5,000 kila mmoja.

Sasa, kiwanja hakijifyeki. Mwaka 1919 wapimaji wa Kiingereza walitangulia, na kazi ya kusawazisha ikawaangukia Waafrika. Ndola, katika Zambia ya leo, watu 700 walifanya kazi tangu Aprili mpaka Agosti, wakaondoa tani 25,000 za vichuguu. Pigeni hesabu: zaidi ya tani 35 kwa kila mtu.

Marubani tunawajua kwa majina. Hata ndege ilipewa jina, Silver Queen. Wale 700 wamebaki tarakimu.

Kwa hiyo nina ombi kwenu wa Shirati na Mwanza. Kama katika nyumba yenu husimuliwa babu aliyefyeka kiwanja cha ndege mwaka ule, mleteeni katibu jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Daftari liko mezani.