Kabla Fedha Hazijatoka: Serikali, Bandari na Maji ya Mbegani



Nimeombwa nizungumzie jinsi wizara za Serikali zinavyosimamia miundombinu na mazingira. Ningeweza kuwachorea muundo wa wizara, visanduku na mishale, nanyi mkasinzia kwa adabu. Afadhali nianze na maji haya ya Mbegani, Bagamoyo, yaliyo mbele yetu.

Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu yao ya kwanza katika Afrika Mashariki, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Sababu moja kubwa ilikuwa kina. Huku jahazi linakaa mchangani likisubiri maji yajae, lakini meli kubwa hutia nanga mbali. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru nchi yetu, makubaliano ya kujenga bandari hapa Mbegani yalitiwa saini. Tarehe 16 Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Kampuni ya China Merchants na mfuko wa akiba wa Serikali ya Oman walikuwa wabia, na kiasi kilichokuwa kikitajwa ni dola bilioni 10. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisema masharti ya makubaliano hayo hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa.

Habari za masharti mmezisikia hadi zimewachosha. Mimi nina swali ambalo katika mabishano yote yale halikupewa nafasi. Bahari hii ni ya kina kifupi leo kama ilivyokuwa mwaka 1891, na meli kubwa haiingii bila kuchimba. Ukichimba, mchanga na tope vinatoka hapa vinakwenda pengine. Ni nani Serikalini mwenye kazi ya kuuliza vinakwenda wapi, na anauliza lini?

Ukihesabu ofisi, utasema tumejaliwa. Bandari iko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari na wizara ya uchukuzi. Barabara kuu ni za TANROADS, za vijijini ni za TARURA. Mikoko inaangaliwa na Wakala wa Huduma za Misitu, samaki na wizara ya uvuvi, Mto Ruvu na bodi ya bonde la Wami na Ruvu. Juu ya hao wote iko Ofisi ya Makamu wa Rais, yenye dhamana ya mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lile NEMC, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1983. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliongeza jambo la busara: kila wizara ya kisekta iwe na kitengo chake cha mazingira. Yaani ndani ya wizara inayojenga akae mtu ambaye kazi yake ni kumuuliza mjenzi maswali.

Nimeshirikiana na watu wa vitengo hivyo, na siwadharau hata kidogo. Wengi wanaijua kazi yao. Tatizo lao ni kiti. Ofisa mazingira anaitwa kwenye kikao michoro ikiwa imeshakamilika, mhandisi mshauri ameshalipwa, na tarehe ya kuweka jiwe la msingi imeshapelekwa kwa wakubwa. Hapo akisema “tusogeze gati la bandari mita mia nne”, anaonekana mchawi wa maendeleo. Anachoweza ni kuandika masharti, nayo yanabandikwa nyuma ya cheti cha mazingira.

Sheria yenyewe haikukusudia hivyo. Kifungu cha 81 kinataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza wala kupatiwa fedha. Wala kupatiwa fedha! Maneno hayo matatu yangefuatwa barabara, nusu ya mhadhara huu isingehitajika. Fedha ikishatoka ina uzito wake, na wenye fedha hawapendi kurudishwa nyuma.

Mfano uko jirani. Ranchi ya zamani ya Razaba, kule Makurunge, ilitolewa kwa wawekezaji wa Sweden waliotaka kulima miwa kwenye eneo la hekta 20,000 hivi. Tathmini zilifanyika, hati ya ardhi ikatolewa. Mwaka 2016 Serikali ikausimamisha mradi, ikitaja maji ya Mto Wami na wanyama wa Hifadhi ya Saadani. Wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2022 baraza la usuluhishi likaamuru Tanzania ilipe dola milioni 165. Hoja ya Wami na Saadani haikuwa ya kipuuzi. Lakini Wami ulikuwa ukitiririka pale siku zote, na Saadani ilikuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Hoja ya mazingira iliyotolewa mapema ingetugharimu vikao vichache na chai. Iliyochelewa ilipelekewa ankara.

Turudi baharini. Mama anayelima mwani katika kijiji jirani cha Mlingotini anafuata bamvua, maji yanapokupwa sana. Anapigilia vigingi, anavuta kamba, anafunga kila kipande cha mbegu kwa taitai, kisha anasubiri wiki kama sita avune. Mwani hauna mizizi ya kuufukia ardhini. Chakula chake ni mwanga na maji yanayopita. Mashine ya kuchimba ikitifua tope kwa miezi mfululizo, mwanga haufiki, vumbi la tope linakaa kwenye majani, na mbegu inaoza ikiwa imefungwa. Sasa aje mthamini wa fidia. Atahesabu minazi, miembe, nyumba, hata choo. Shamba la mwani ataliandika wapi? Sheria zetu za fidia zimejengwa juu ya ardhi, na yule mama hana hati ya maji. Kama tathmini ya mazingira haikumtaja kwa kazi yake, hakuna karatasi nyingine Serikalini itakayomtaja.

Hata mradi mdogo una mtego wake. Barabara ikikatiza mkondo wa maji ya chumvi, mhandisi anaweka kalavati. Akilipima kwa mvua tu, akasahau kwamba maji haya yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku, kalavati linakuwa jembamba. Upande wa ndani maji yanatuama, vipumulio vya mikoko aina ya mchu vinazama, na baada ya muda miti inasimama mikavu. Hakuna aliyeikata, kwa hiyo hakuna wa kushtakiwa. Kosa lilifanyika kwenye orodha ya kazi na bei, mstari mmoja, ofisini, labda Dodoma. Ndiyo maana nasema kitengo cha mazingira kisome orodha hiyo kabla zabuni haijatangazwa, na sahihi yake iwe sharti la kutangaza.

Yapo pia ya baada ya cheti. Sheria inataka ufuatiliaji na ukaguzi wa mazingira, lakini ripoti zake zinakaa kwenye makabati. Zibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha.

Na ninyi wanafunzi wa uvuvi, msidhani haya ni ya mawaziri tu. Siku tope likianza, mkandarasi atasema bahari hii ilikuwa chafu tangu zamani. Nani atambishia, kwa rekodi gani? Chukueni sahani nyeupe ya chuma, ifungeni kwenye kamba yenye alama za mita, izamisheni mpaka isionekane, andikeni kina. Fanyeni hivyo kila bamvua, hapa Mbegani na mbele ya mashamba ya Mlingotini, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, pamoja na tarehe, saa na hali ya maji. Daftari moja libaki chuoni, nakala iende kwa ofisa mazingira wa halmashauri, nyingine kwa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi. Mwalimu wenu wa zamu ameniambia mtumbwi upo.